Paa Likivuja Usiku wa Mvua: Ya Kufanya Kabla Fundi Hajafika na Baada ya Kufika

Kazi yangu ni kuezeka, hapa Dar es Salaam. Masika yakishika, simu yangu hulia usiku kuliko mchana, na anayepiga karibu kila mara anataka jambo moja: nije sasa hivi, nipande, nizibe. Jibu langu halibadiliki. Bati lililolowa halipandwi. Linateleza, upepo unakusukuma, radi nayo haichagui, na hata ukilifikia tundu hakuna gundi wala lami itakayoshika kwenye maji. Usipande wewe, wala usimtume kijana wa jirani kwa sababu amekubali hela ndogo. Paa huzibwa likiwa kavu. Mvua ikiwa bado inanyesha kazi ni nyingine kabisa: kuwaweka watu salama, kukata umeme, na kuyaongoza maji yaanguke pale unapotaka wewe.

Naanza na yale ninayowaelekeza watu kwenye simu, kisha nitaeleza ninayoyafanya asubuhi nikifika.

Umeme kwanza

Kijana mmoja, mpangaji wa Mbagala, alinipigia usiku.

"Shikamoo, fundi. Maji yanashuka na waya wa taa ya sebuleni."

"Marahaba. Umeme umezima?"

"Taa nimeiacha, nione yanapotokea."

Nilimwambia awatoe watoto sebuleni, aende kwenye meni switchi azime nyumba nzima, ndipo anipigie tena. Swichi ya ukutani hukata waya wa taa ile moja tu. Nyaya zinazopita juu ya dari kwenda vyumba vingine bado zina umeme, na maji yakishaanza kutembea juu ya jipsam huzifikia zote, hasa pale zilipoungwa kwa selotepu nyeusi bila boksi. Ukitaka kuona, tumia tochi ya simu.

Kama maji yanaingia kwenye meni switchi yenyewe, au kwenye mita ya LUKU, au umesimama kwenye maji, usiguse chochote. Tokeni eneo hilo, wapigieni TANESCO waje wakate kwenye nguzo. Ukiona cheche au moshi, watoe watu wote nje na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wenye sola wana jambo la ziada. Paneli huendelea kutoa umeme kila kunapokuwa na mwanga wa mchana, na betri ina umeme saa zote. Zima inveta, na nyaya zinazoshuka kutoka juu usizishike hata kama nyumba nzima iko gizani.

Mvua ikikatika usikimbilie kuwasha. Maji hubaki kwenye mabomba ya nyaya na kwenye holda za taa muda mrefu baada ya dari kuonekana kavu. Mwite fundi umeme apime kwanza.

Dari ikifanya tumbo

Hapa ndipo watu wengi wanapobishana nami kwenye simu. Ukiona dari ya jipsam imevimba kwenda chini, rangi imekaza na inang'aa, juu yake kuna dimbwi. Sentimita moja tu ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10, na jipsam ikilowa hulegea ikawa haina nguvu ya kubeba hata uzito wake yenyewe. Itashuka, na itashuka kwa pamoja, na bodi nzima yenye maji ikimwangukia mtoto kitandani hilo si jambo la kusimulia.

Kwa hiyo itoboe. Hamisha vitu, weka beseni au ndoo kubwa, kisha simama pembeni, si chini yake, unyooshe bisibisi au msumari uliofungwa kwenye fimbo ya ufagio, utoboe pale tumbo liliposhuka zaidi. Tundu dogo. Kwanza litatoka tone, kisha mchirizi wa maji ya kahawia yenye vumbi la miaka yote ya darini. Ndoo ikijaa, weka nyingine. Likipungua kasi, toboa la pili hatua moja mbele. Watu huniambia, "Fundi, si nitakuwa nimeiharibu dari?" Bodi iliyokwisha kufanya tumbo imeshaharibika, itabadilishwa tu. Ukiitoboa unaokoa zile za jirani yake, maana maji yanayokosa pa kutokea husambaa.

Kwa tone la kawaida lisilo na tumbo, chukua uzi au kamba nyembamba, ibandike au ichomeke pale linapodondokea, ncha nyingine iingie ndani ya ndoo. Maji yatafuata uzi yashuke kimya bila kurusha matone kwenye kochi, na utalala. Kama huwezi kuning'iniza uzi, weka kitambaa ndani ya ndoo.

Godoro, luninga na mchele vihamie chumba kikavu. Hati ya kiwanja, vyeti vya shule na vya kuzaliwa vitie kwenye mfuko wa nailoni ufungwe. Nasisitiza vyeti kwa sababu watu hukumbuka luninga kwanza, na luninga hununuliwa nyingine.

Halafu, kabla hujarudi kulala, fanya kitu ambacho fundi wako atakushukuru nacho: piga picha. Picha ya tone, ya chumba kizima, ya ukuta ulioloa. Andika saa, na kama mvua ilikuwa ya upepo, upepo ulikuwa unatoka upande gani. Paa linalovuja kila mvua lina ugonjwa tofauti na paa linalovuja pale tu mvua inapokuja na upepo wa kusini. Asubuhi jua likiwaka ushahidi wote unakauka, na mimi nabaki kubahatisha.

Bati likianza kunyanyuka

Kuvuja ni jambo moja, upepo kuondoka na paa ni jingine. Upepo mkali haulisukumi paa kwenda chini. Unapita juu yake na kulivuta kwenda juu, na ule unaoingia chini ya upenu wa mbele au kupitia dirisha lililovunjika unalisukuma kutoka ndani. Zikikutana nguvu hizo mbili, msumari wa bati hauna ubavu. Ukisikia bati linapigapiga au kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, inalia, fungeni madirisha na milango, ingieni chumba kidogo cha katikati chenye kuta pande zote, mbali na vioo. Usitoke kwenda kulishika bati. Bati lililong'oka hukata.

Kwa wenzangu wa Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, vimbunga si hadithi za mbali. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kimbunga chenye kitovu kikipita juu yenu upepo unaweza kutulia ghafla, mkadhani yamekwisha, kisha ukarudi kutoka upande wa pili. Utulivu huo si wa kupandia paa. Subirini Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze kwamba kimepita.

Na mawe, matairi na matofali yaliyowekwa juu ya bati ili "kuligandamiza", yashusheni mapema msimu ukianza. Bati likinyanyuka yanakuja chini pamoja nalo.

Asubuhi: kulitafuta tundu

Mteja hunionyesha doa kwenye dari na kusema, "Ni hapa." Mara nyingi si hapo. Maji yakishaingia chini ya bati hushika papi, zile mbao bati linapopigiliwa, yakaenda nayo mpaka kwenye kenchi, yakashuka na mguu wa kenchi, yakaangukia kwenye kiungo cha bodi. Kati ya tundu na doa inaweza kuwa mita 3 au 4. Jambo la uhakika ni kwamba maji hayapandi mlima: tundu liko usawa wa doa au juu yake kuelekea kwenye kofia, yaani kilele cha paa, halipo chini.

Naanzia ndani. Napanda darini kupitia kile kifuniko cha dari, mguu juu ya mbao, kamwe si juu ya bodi. Umeme umezimwa. Nazima tochi, nakaa kimya kidogo macho yazoee giza. Jua la saa nne likiwa juu ya bati, kila tundu linakuwa nyota. Nyota zote nazizungushia chaki kwenye ubao ulio karibu. Kisha nawasha tochi nafuata michirizi: mbao iliyopitiwa na maji huwa na mstari mweusi au wa kutu, na mstari huo ukiufuata kwenda juu utakufikisha. Nikilipata tundu napima kutoka kuta mbili, kwa mfano mita 2 na nusu kutoka ukuta wa mbele na mita 4 kutoka ukuta wa kulia, ili nikiwa juu nisitafute upya. Au nasukuma waya mwembamba upite kwenye tundu, utokeze nje kama alama.

Kama hakuna nyota inayoonekana, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje. Anza kumwagia chini kwenye ncha ya bati, dakika kadhaa sehemu moja, ndipo upande hatua kwa hatua. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua ni kipi kilichovuja. Wa ndani akipiga kelele, simamisha, hapo hapo ndipo.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu. La kwanza, jasho la bati. Huko Lushoto, Njombe, hata Arusha miezi ya baridi, bati hupoa sana usiku na mvuke wa ndani ya nyumba hugeuka maji chini yake. Asubuhi linadondoka na wala hakujanyesha. Dawa yake ni hewa kupita darini na jikoni kuwe na pa kutokea mvuke, siyo lami. La pili, bomba. Doa likikua hata siku za jua, angalia simtanki, bomba la maji linalopita juu ya dari au hita, uwaache wanaoezeka wapumzike.

Kupanda bila kuanguka

Subiri paa likauke. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu, mguu wake uwe mbali na ukuta kwa robo ya urefu wake: ikigusa ukuta kwa kimo cha mita 4, mguu ukae mita 1 kutoka ukutani. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa karibu mita nzima, upate pa kushika unapohama. Mtu aishike chini. Angalia pia waya wa TANESCO unaoingia nyumbani umepita wapi, na ukae mbali nao.

Juu ya bati kanyaga kwenye mstari wa misumari. Chini ya misumari ndiko papi iliko, katikati ya misumari ni hewa tupu. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, maana namba ikipanda unene unapungua, na ukilikanyaga vibaya linabonyea, maji yanatuama hapo milele. Viatu vya raba, kamba kiunoni iliyofungwa upande wa pili wa nyumba, na usipande peke yako.

Bati za zamani za asbesto, zile za kijivu nene zilizoko kwenye nyumba nyingi za mashirika na shule za zamani, usizikanyage kabisa. Huwa zinaonekana imara na hupasuka bila onyo. Usizitoboe, usizikate kwa msumeno, usizisugue kwa brashi ya waya, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni halitoki na huleta saratani baada ya miaka. Funika kwa turubai, utafute watu wenye vifaa.

Turubai, likiwekwa vizuri

Turubai ndilo huduma ya kwanza ya kweli, na naliona likiwekwa vibaya kila msimu. Kosa kubwa ni kulitandika juu ya tundu tu. Maji yanayotoka kwenye kofia yanafika ukingo wa juu wa turubai, yanaingia chini yake, na sasa umeyafungia ndani. Turubai lazima livuke kofia, lishuke upande wa pili angalau mita moja, na huku chini lifike kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Pembeni lizidi tundu kwa mita moja kila upande.

Usilipigilie misumari katikati ya paa. Kila msumari ni tundu jipya utakalokuja kulipia. Chukua mbao ya inchi 2 kwa 2, viringisha ukingo wa turubai kwenye mbao mara mbili, piga skrubu kuushikiza kwenye hiyo mbao, kisha mbao ya chini ifunge kwenye fishabodi. Ya upande wa pili ining'inie na kufungwa vivyo hivyo. Kukiwa na upepo, jaza viroba viwili mchanga, unganisha kwa kamba, uvipitishe juu ya kofia kama mzigo wa punda, kimoja huku kimoja kule. Likiwa limekazwa halipigi, na turubai lisilopigapiga hudumu wiki nyingi. Linalopiga linachanika siku mbili.

Tundu la msumari

Nyumba nyingi ninazoitwa hazina bati bovu. Zina misumari mibovu. Bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri hurefuka kama milimita moja na nusu, jioni linarudi. Fanya hivyo kila siku kwa miaka, kwenye mbao ambayo nayo inakauka na kusinyaa, na msumari unaanza kupanda wenyewe. Ukiushika kwa vidole unacheza. Ukiung'oa, ule mpira uliokuwa chini ya kofia yake unakatika mkononi, umekauka umekuwa makombo meusi, na tundu ambalo lilikuwa duara sasa ni refu kama punje ya mchele, kingo zake zina kutu.

Usiugongee tena ule ule. Ung'oe, weka ubao mdogo chini ya nyundo ili usibonyeze bati, kisha weka skrubu ya kuezekea yenye mpira mpana, nene na ndefu kuliko msumari uliotoka, ili ishike mbao mpya. Kaza mpaka mpira ubanwe kidogo tu. Ukiona mpira umetoa ulimi nje, umezidisha. Kwenye bati la mgongo skrubu au msumari hukaa juu ya mgongo, si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Na ukikuta mmoja umelegea, kagua mstari mzima. Ilipigwa siku moja na mtu mmoja.

Tundu lisilo la msumari, la kutu au la tawi la mwembe, husafishwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hufutwa vumbi, hukaushwa, kisha hubandikwa ule mkanda wa lami wenye foili juu, uzidi tundu kwa sentimita 5 hivi kila upande, ukandamizwe kwa kitambaa kuanzia katikati. Kiraka cha ndani, kilichobandikwa kwa chini, hakizuii kitu. Maji hukaa kati yake na bati na kulila. Silikoni inayonuka siki ukiwa unaikamua usiitumie kwenye bati, tindikali yake inakula zinki. Omba ile isiyo na harufu hiyo. Tundu kubwa kuliko kiganja linataka kipande cha bati, kikiingizwa ukingo wake wa juu chini ya bati la juu.

Saruji pembeni ya ukuta au bomba la venti ya choo haifai. Bati linatembea, saruji haitembei, ufa unarudi mwaka huo huo, na saruji mbichi inaunguza bati la alumini na zinki. Panatakiwa flashingi, bati lililokunjwa linaloingia kwenye mfereji uliochimbwa ukutani.

Na mafundi wenzangu, tafadhali, tuache kukata bati kwa grainda juu ya paa. Cheche zinachoma rangi na zinki, chembe za chuma zinabaki pale, baada ya mvua chache paa jipya limejaa vidoa vya kutu. Mkasi wa bati upo.

Paa lililofichwa nyuma ya ukuta

Hizi nyumba za kisasa ambazo bati halionekani, limezungushiwa ukuta juu, zimejaa Dar nzima, na ndizo zinazonilaza macho. Hesabu ni hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10 likipata milimita 50 limepokea lita 5,000. Kwenye nyumba ya kawaida gata ikiziba maji yanamwagika nje. Kwenye hizi yanamwagika ndani, kwa sababu mfereji uko ndani ya ukuta.

Ukiona maji yanashuka ukutani kwa ndani kama pazia, pembe nzima ya chumba, si tone, mfereji umejaa. Chunguza bomba la kushushia nje: mvua inanyesha sana na bomba halitoi kitu? Limeziba. Ukiweza kulifikia kutoka chini, ukiwa umesimama ardhini, fungua kiungo cha chini au kikate, mara nyingi donge la majani na mfuko wa plastiki hutoka na maji yote yakafuata. Kaa pembeni, yana nguvu.

Mvua ikikatika, safisha mfereji wote, weka wavu kwenye mdomo wa bomba, na mwambie fundi atoboe matundu ya dharura kwenye ule ukuta, juu kidogo ya usawa wa kawaida wa maji lakini chini ya ukingo wa bati. Bomba likiziba tena, maji yatatokea nje uyaone, badala ya kuingia chumbani. Mwenye nyumba mmoja wa Kigamboni alikataa kwa sababu yangeharibu sura ya nyumba. Namwelewa, alijenga kwa jasho. Lakini bomba moja la inchi 2 au 3 linalochungulia ukutani ni bei rahisi sana kwa dari ya nyumba nzima.

Mapaa mengine nitayapitia haraka. Kigae kilichoteleza sukuma juu kirudi kwenye papi yake. Kilichopasuka, ingiza kipande cha bati chini yake mpaka upate kingine. Makuti yakivuja sehemu moja chomeka kuti jipya chini ya lile la juu yake, na ukiona yanavuja kila mahali yameoza, hakuna kiraka. Slabu, yaani paa la zege, zibua kwanza tundu la kutolea maji, ndipo utafute ufa.

Mpangaji, mwenye nyumba, fundi

Kama umepanga, mjulishe mwenye nyumba usiku ule ule kwa ujumbe wenye picha, hata kama utampigia. Maneno ya simu husahaulika. Mkikubaliana ununue turubai au umlipe fundi ukatwe kwenye kodi, ayaandike kwenye ujumbe huo huo kabla hujatoa hela. Upepo ukiezua nyumba nyingi, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa waorodheshe siku hiyo, na wenye bima watoe taarifa kabla ya kuanza kutengeneza, mabaki ya bati yasitupwe mpaka yaonekane.

Kuhusu sisi mafundi, baada ya mvua kubwa huwa tunagombaniwa, na wasio mafundi nao huchukua nyundo. Anayekuambia "badilisha bati zote" akiwa bado amesimama uani hajaona kitu. Mwulize maji yanaingilia wapi, akuonyeshe kwa picha kutoka juu. Mwulize kama atabadilisha misumari ya mstari mzima au mmoja. Kazi kubwa kama kufunga kenchi upya kwenye wolpleti, ile mbao inayolala juu ya ukuta, kwa mikanda ya chuma, kubadilisha papi zilizooza au kuongeza mwinuko, ifanyike kuanzia Juni mpaka Septemba, kabla ya vuli. Paa lililolala sana lilianza kuvuja siku lilipopigwa, na hapo bati za juu na chini zinatakiwa kupandana sentimita 30, si zile 15 zinazotosha kwenye mwinuko mzuri.

Na usimalizie malipo akiwa ameshashuka tu. Mwombe apande na mpira wa maji, amwage kuanzia chini kwenda juu pale alipoziba, robo saa nzima, wewe ukiwa darini na tochi. Kukiwa kukavu, mpe hela yake yote.